Sakafu Iliyokatwa

Asubuhi ile shangazi yangu aliamka akagombana na birika. Mkono wa birika ulikuwa umelegea tangu juzi, na yeye hana subira na kitu kinacholegea, kiwe chombo, kiwe mtu. Aliufunga kwa waya, akanywa chai kavu akiwa amesimama, akapachika penseli sikioni, akatoka kwenda kazini. Siku ya kawaida kabisa. Hakuna bundi aliyelia, hakuna paka mweusi aliyekatiza njia. Mambo mabaya hayana adabu ya kupiga hodi.

Shangazi ni fundi mbao. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kubomoa viti vya watu na kuviunga upya, hadi wenye viti wakaacha kumfukuza wakaanza kumwita. Ulimi wake ni mkali kuliko patasi, lakini kazi yake haina ujanja: akikuambia mbao hii imeoza, imeoza. Ndiyo maana aliponisimulia haya, mara moja tu, mgongo wake ukiwa umegandana na ukuta, sikumwuliza kama ana hakika. Asiyetaka kuamini aache. Mimi simbembelezi mtu.

Kazi ilikuwa chuoni. Chuo kilikuwa kimepewa jengo la kale la mawe, lenye kuta nene kiasi cha mtu kulala kwenye dirisha na kujinyoosha. Zamani lilikuwa ghala, kisha likawa hili na lile, mwisho likawa la popo. Sasa walitaka lifufuke: chini pawe ukumbi wa mihadhara, juu pawe chumba cha kusomea chenye kompyuta na viti vya kuzunguka. Tatizo ni kwamba hiyo juu haikuwepo. Ndani jengo lilikuwa wazi kuanzia chini hadi paani, kama kisima kilichosimamishwa. Madirisha yalikuwa safu mbili, na safu ya juu ilimulika hewa tupu. Katikati ya kuta, mstari mmoja kuzunguka jengo zima, yalionekana matundu yaliyozibwa kwa chokaa. Na kwenye kona ya nyuma, kovu la ngazi ya zamani lilipanda ukutani kwa mshazari hadi kwenye mstari ule wa matundu, likakoma.

"Kwa hiyo ghorofa ilikuwepo," mkwe wake akasema.

"La, ukuta uliugua ndui," shangazi akamjibu.

Mkwe alicheka bila sauti. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mtu mpole, mwenye mazoea ya kukanyagia upande wa nje wa mguu hata visigino vya buti zake vikaliwa mshazari. Alikuwa amemwoa binti pekee wa shangazi, na binti huyo alikuwa karibu kujifungua. Shangazi alimpenda kijana yule kuliko alivyokubali kuonyesha. Akimfokea, anamwita "Baba" katikati ya kumfokea. Naye, afokewe vipi, jibu lake lilikuwa moja: "Sawa, Mama." Unagombana vipi na mtu wa namna hiyo?

Walikuwa na mpaka rangi mmoja, aliyeitwa Kobe kwa sababu ya kasi yake. Aliyewasimamia kwa niaba ya chuo alikuwa Daktari, si wa sindano, wa vitabu, mtu mwenye haraka na tabasamu la kudumu. Na siku ya kwanza alikuja mkaguzi wa majengo ya kale, mwanamke mwembamba mwenye tochi shingoni, akapigapiga kuta kwa kidole kama anayechagua tikiti maji.

"Ukuta huu hautobolewi," akasema. "Hata msumari wa kutundikia kalenda. Mkitaka sakafu, tumieni matundu yaliyopo. Mkitaka ngazi, ifuate kovu lile lile."

Shangazi alimpenda hapo hapo. Mtu anayesema neno moja na kuondoka.

Basi wakayazibua matundu. Chokaa ilipobanduka, ndani ya kila tundu walikuta kipande cha boriti ya zamani, kimekatwa sawasawa na ukuta. Shangazi alipanda jukwaa, akanusa, akachoma kwa ncha ya kisu. Kisu hakikuingia. Mti mgumu, mwekundu kama nyama. Haukuoza. Haukuliwa na mchwa. Haukuungua.

Na kila kipande kilikuwa kimepigiliwa misumari usoni, kichwa kwa kichwa, hadi pasiwe na nafasi ya mwingine.

"Mama," mkwe akasema kwa sauti ya chini, "boriti nzima namna hii inakatwa kwa sababu gani?"

"Kwa ujinga."

"Zote?"

Shangazi alipapasa vichwa vya misumari. Sakafu hukatwa kwa sababu imeoza, imeungua au imeliwa. Hii haikuwa na moja kati ya hayo. Halafu msumari wa pale haushiki ubao, haushiki chuma, haushiki kitu. Aliyeupiga alitaka boriti ikae humo isitoke tena. Basi.

"Huyu alikuwa anafunga nini?" mkwe akauliza.

"Alikuwa anafunga midomo ya wanaouliza maswali saa za kazi. Ng'oa."

Wakang'oa. Vipande vilitoka kwa shida, vinapiga kelele kama jino. Kobe, aliyekuwa chini akichanganya chokaa, aliapa kwamba kila kimoja kilipochomoka alihisi upepo ukimpuliza kisogoni kutoka kwenye tundu. Wakamcheka. Kobe alikuwa anahisi upepo hata akipitwa na konokono.

Boriti mpya ziliingia kwenye matundu ya zamani kana kwamba zilipimwa pamoja. Juu yake mbao, juu ya mbao mpira wa kuzuia kelele, juu ya mpira zulia. Chini ya boriti wakapiga dari ya jipsamu, nyeupe, laini, hata Daktari alipoiona alishika kifua.

"Fundi," akasema, "hapa watu watasoma."

"Wasome," shangazi akasema. "Mimi nimeweka sakafu."

* * *

Sauti ya kwanza waliisikia wakiwa wanakula, mchana kweupe, jua limejaa madirishani.

Hatua. Juu yao. Polepole, za miguu mitupu, nyayo zinabandika na kubanduka. Zilianza upande wa mlango zikaelekea nyuma, kwenye kona ya kovu. Zikakoma.

"Nani yuko juu?" shangazi akaita.

Mkwe akamwangalia Kobe. Kobe akamwangalia mkwe. Wote walikuwa pale, wameshika vijiko.

"Mama," mkwe akanong'ona, "ngazi ya kupandia nimeilaza nje."

Shangazi alikasirika. Ndivyo alivyo: akiogopa, anakasirika kwanza. Aliisimamisha ngazi ile ya mbao, akapanda, akachomoza kichwa kwenye upenyo wa kupitishia vifaa. Sakafu yote juu ilikuwa na vumbi la msumeno, jeupe, limetandazwa sawasawa kama unga kwenye ungo. Hakuna aliyelikanyaga. Hata panya.

Akashuka anaguna kwamba mbao mpya hulia zikikauka. Ni kweli hulia. Lakini hazitembei.

Kesho yake Kobe aliliona la pili. Alikuwa anapaka dari koti la mwisho, akaita, "Fundi, paa linavuja."

Halikuvuja. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu hata mbuzi wamesahau kukimbia. Lakini darini, kwenye jipsamu nyeupe, palikuwa na alama ya unyevu. Shangazi alipanda jukwaani aione kwa karibu. Ilikuwa na kisigino. Ilikuwa na upinde wa wayo. Ilikuwa na vidole vitano, kidole gumba kimekandamiza zaidi. Mbele yake nyingine ya mguu wa pili, na nyingine, na nyingine, kutoka mlangoni kuelekea kona. Si za mtu aliyetembea kichwa chini. Zilikuwa nyayo unazoziona ukiwa chini ya kioo, na mtu anatembea juu yake.

Kobe aligusa moja kwa kidole. Akakirudisha upesi, akakifuta kwenye suruali.

"Ina joto," akasema. "Joto la mguu uliotoka kwenye kiatu sasa hivi."

"Paka rangi," shangazi akasema.

Akapaka. Jioni zikakauka, zikapotea. Asubuhi zilikuwepo, na zimeongezeka. Zipo kubwa, zipo ndogo. Zipo za mtoto. Zote zinakwenda kona ile ile, na pale konani zimesongamana, moja juu ya nyingine, hadi jipsamu imekuwa kijivu. Kama watu kwenye mlango ambao haujafunguliwa.

Siku iliyofuata Kobe alikuwa jukwaani peke yake, uso wake karibu ugonge dari, akipaka upande wa mbali, mbali kabisa na kona. Shangazi alikuwa chini anapiga randa. Alisikia brashi imenyamaza. Akainua macho.

Wayo mmoja ulikuwa unajichora mbele ya uso wa Kobe. Kisigino kwanza. Kisha upinde. Kisha vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu maji kama yana baridi. Kisha wa pili, ubavuni mwa wa kwanza. Miguu miwili, imesimama. Imesimama juu ya uso wake.

Kisha vidole vikajikunja.

Kobe alishuka. Hakupiga kelele. Alishuka kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo, akapita kati ya shangazi na mkwe bila kuaga, akatoka nje na brashi yake mkononi, inadondosha rangi nyeupe njia nzima. Hakurudi hata kuchukua shati lake.

"Sasa huyo si Kobe tena," mkwe akasema, ili waseme kitu.



* * *

Kilichobaki kilikuwa ngazi. Ngazi ya chuma, kazi ya mkwe. Ilikuwa imekwishachomelewa uani, vipandio vyote safi, inasubiri kusimamishwa kwenye kovu na kukatiwa tundu la kutokea juu. Siku hiyo shangazi alimkuta mkwe amekaa juu yake, mikono magotini.

"Bado tu?"

"Mama, mimi sina haraka na hii."

"Chuo kinafunguliwa. Wageni wanakuja. Unataka wapande kwa kamba?"

"Mama, zile nyayo..."

"Nyayo ni unyevu! Mwanaume mzima, mkeo tumbo liko hapa, unakaa unahesabu madoa! Kama kazi imekushinda sema, nitafute mchomeleaji mwenye moyo."

Mkwe aliinuka. Akajipangusa. "Sawa, Mama."

Shangazi akaondoka amefura, akaenda kutafuta bolti za kufungia kichwa cha ngazi. Lakini hasira yake ni ya moto wa karatasi. Alipokuwa amesimama kwa muuza vyuma, anachagua bolti, akaiona kazi yote kwa mara ya kwanza kama inavyoonwa na fundi wa zamani aliyeikata. Hakukata sakafu kwa sababu ya sakafu. Alikata ili kisichoonekana kikose pa kukanyaga. Na ngazi je? Kovu lile ukutani: ngazi nayo aliiondoa. Aliiondoa kwanza au mwisho?

Kwanza. Lazima kwanza. Mtu huanza kwa kufunga mlango.

Na wale wote pale konani, wamesongamana, wanangoja nini?

Aliziacha bolti juu ya meza. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Daktari, maana yeye ndiye mwenye amri ya kusimamisha kazi, na shangazi hapendi kufanya jambo nyuma ya mgongo wa mtu.

"Ngazi isiwekwe," akasema. "Na sakafu ing'olewe. Nitaing'oa mwenyewe."

Daktari aliacha kutabasamu, kisha akatabasamu tena. "Fundi, keti. Sababu?"

"Darini kuna nyayo za watu."

"Nimeona. Mafundi wako wachafu, nikadhani."

"Hakuna fundi anayetembea darini, Daktari."

"Basi nikaandike nini? Kwamba jengo lina wapangaji?" Aliona uso wa shangazi, akapunguza sauti. "Fundi, mimi nakuheshimu. Umechoka. Na mchomeleaji wako amepita hapa sasa hivi kuazima winchi, anasema leo leo anamaliza. Amesema Mama amekasirika, hataki umkute hajamaliza."

Shangazi hakumbuki alivyotoka mle ofisini.

* * *

Alifika jua likiwa utosini. Uani ngazi haikuwepo.

Aliingia ukumbini. Kimya. Mashine ya kuchomelea imezimwa, bado inanukia. Kwenye kona ya nyuma ngazi ilikuwa imesimama. Imefuata kovu sawasawa. Juu, tundu limekatwa kwenye jipsamu, kwenye mbao, jeusi. Sakafu ya ukumbi chini yake ilikuwa imejaa vipande vya dari vilivyokatwa, na kila kipande kilikuwa na alama za vidole vya miguu.

Mkwe alikuwa kwenye ngazi. Anapanda.

"Baba," shangazi akaita.

Hakugeuka.

Juu yao hatua ikasikika. Mkwe akainua mguu. Hatua ya pili. Mkwe akainua wa pili. Haikujulikana nani anamfuata nani. Wayo mtupu ukibandika juu, buti likabandika chini. Pa. Pa. Mikono yake imelegea, haikushika chuma. Macho yake yako wazi, anaangalia mbele kama mtu anayesubiri foleni.

"Baba! Shuka!"

Kipandio cha juu kabisa kikalia. Mkwe alikuwa bado hajakifikia.

Kikalia tena, kikapinda katikati. Kisha cha chini yake.

Walikuwa wanateremka.

Shangazi alikimbia. Alipanda hadi akawa nyuma yake, mkono umenyooka, na hapo akasita. Mkwe ni mkwe. Tangu amwoe binti yake hajawahi kumgusa hata bega. Ni kusita kwa kupepesa kope mara moja tu, heshima ya miaka iliyoshika mkono kabla ya akili. Katika kupepesa huko kipandio kilichokuwa mbele ya mkwe kilipinda. Kisha kile alichosimama yeye. Shangazi aliona suruali ya kijana inabonyea magotini, shati linabonyea kifuani, nywele zinalala nyuma. Kama mtu anayepitiwa na umati.

Harufu ya vumbi kuukuu. Joto.

Akamshika mkanda kwa mikono miwili akamvuta. Walianguka wote hadi chini, yeye chini, kijana juu. Hakuhisi maumivu. Alijichomoa, akaokota nyundo kubwa, akapiga kitako cha ngazi, zile bolti za chini ambazo mkwe alikuwa amezibana kwa nguvu zake zote ili kumridhisha. Akapiga. Akapiga. Juu vipandio vinalia, kimoja baada ya kingine, vinashuka. Cha katikati. Cha chini yake. Akapiga. Kitako kikateleza. Ngazi ikayumba, ikang'oka juu, ikaanguka ukumbini kwa kishindo kilichotikisa madirisha yote, ya chini na ya juu.

Kimya.

Kisha juu, hatua. Nyingi. Zinarudi nyuma kutoka kwenye tundu, polepole, bila hasira. Kama watu walioambiwa waje kesho.

Mkwe alikaa, akashika kichwa. Akamwona shangazi amepiga magoti mbele yake, kilemba kimefunguka, ameshika mkono wake.

"Mama," akasema kwa aibu, "umenishika."

Shangazi alicheka hadi akalia.

* * *

Chuo kilimwondoa kazini. Alijaribu kuipiga boriti msumeno mbele ya Daktari, walinzi wakamtoa wamemshika mikono, na yeye aliwatukana mmoja mmoja kwa zamu. Fundi mwingine akaitwa, ngazi ikasimamishwa upya, safari hii mlangoni, maana mkaguzi alipoona kona ilivyoharibika alikataza isiguswe tena. Tundu la konani likazibwa kwa jipsamu, dari ikapakwa rangi ya majivu. Wageni wakaja, wakapiga makofi. Wanafunzi wanakipenda mno kile chumba cha juu. Wanasema zulia lina joto zuri, unavua viatu, unasoma.

Shangazi hakujali. Alikuwa amemtoa mtu wake. Binti yake alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye hasira, na shangazi alisema sasa hata akifa ameacha mrithi.

Binti alilalamika jambo moja tu, siku moja, akinyonyesha.

"Mume wangu siku hizi ananishtua. Anaingia jikoni simsikii. Nageuka, yuko nyuma yangu. Hata kwenye kokoto, Mama. Simsikii."

"Mshukuru Mungu huna mume wa kuburuta miguu," shangazi akasema.

Lakini akaanza kusikiliza.

Wakapata kazi ya baraza la nyumba ya mtu. Shangazi alikuwa amepiga niru mwenyewe, saruji mbichi, inang'aa kama kioo, amerudi nyuma kuiangalia kwa raha. Mkwe akatoka ndani na debe begani, hakuona, akaikanyaga. Akavuka baraza zima.

"We Baba! Umeniharibia sakafu!"

"Ooh, Mama! Nisamehe!"

Alishusha debe, akainua buti. Soli ilikuwa imejaa saruji mbichi.

Shangazi akaangalia baraza. Kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi za uani, saruji ilikuwa laini. Hakuna hata mkunjo. Iling'aa vile vile. Mkwe naye aliangalia. Kisha akamwangalia yeye, na ikaonekana wazi kwamba hilo halikuwa geni kwake.

"Usimwambie mke wangu," akasema.

Shangazi aliacha mwiko pale pale, akaenda chuoni.

Mlinzi alimjua, lakini alimwona amenyamaza, akamwogopa zaidi, akamwacha apite. Mhadhara ulikuwa umekwisha, ukumbi mtupu, viti vimepangwa. Juu alisikia wanafunzi wanasogeza viti vyao vya kuzunguka. Akainua macho.

Rangi ya majivu haikuficha kitu. Nyayo tupu zilikuwa konani, zimesongamana kama mwanzo. Hazikuwa zimeongezeka.

Lakini kandokando ya ukuta, mbali na zile nyingine, kulikuwa na alama za buti. Zilizunguka ukumbi wote kwa kufuata ukuta, kama mtu anayepapasa gizani atafute mlango. Zimezunguka mara nyingi hadi zimechora njia. Kisigino kimeliwa upande wa nje.

"Baba?" shangazi akanong'ona.

Alisubiri. Darini, alama mpya ikaanza kulowa. Ncha za buti zilikuwa zimegeuka. Zilikuwa zinamwelekea yeye. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu, zikavuka katikati ya dari, hazina haraka, hadi zikafika juu ya kichwa chake. Hapo zikasimama, miguu miwili pamoja, kama kijana anayesimama mbele ya mkubwa wake na kusubiri kuambiwa.

Alirudi kinyumenyume. Buti zikamfuata, hatua kwa hatua, hadi mlangoni.

Alama ya mwisho ipo hadi leo, na kila mwaka wanaipaka rangi. Ni kisigino tu, na nusu ya wayo. Nusu ya mbele haipo, kwa sababu pale ndipo dari inapoishia.